Semina za AI kwenye asasi zetu: kwanini anayejaza fomu kijijini haitwi?

#1 Kijukuu wa Kasulu
Wadau habari za muda huu. Naenda moja kwa moja. Siku hizi wafadhili wengi wanatoa hela ya mafunzo ya akili mnemba (AI), matumizi yenye uwajibikaji, ujumuishi na kadhalika, na mimi naunga mkono kabisa maana asasi zetu zinazitumia hizi zana kila siku hata kama hazisemi. Ila chukua karatasi ya mahudhurio ya semina hizi uangalie. Mkurugenzi yupo, meneja mradi yupo, dada wa mawasiliano yupo. Yule anayekaa kwenye benchi chini ya mwembe na tableti anamuuliza bibi paa lako la nini, choo kipo, mnapikia kuni au mkaa, huyo hayupo. Mwenyekiti wa kitongoji hayupo. Na hao ndio wanaoona kwa macho yao jina la mjane asiye na kitu limerukwa na la mwenye mashine ya kusaga limo.

Anayeona kosa hajaambiwa kwamba anaweza kusimamisha zoezi, na aliyeambiwa haoni kosa maana yuko Dar. Waliofanya hizi kazi semeni, tatizo linaanzia wapi?

#2 Mzee wa Bando
Uzi mzito huu. Nimevuta kiti.

#3 Mwanaharakati Mstaafu
Ni posho tu mkuu, usiumize kichwa. Semina ya siku tatu hotelini Morogoro, nauli na malazi juu, halafu bosi amtume kijana wa kujaza fomu? Anaenda mwenyewe, anarudi na cheti na begi, na yale makabrasha yanawekwa juu ya kabati. Nimeona hivyo kwenye UKIMWI, kwenye jinsia, kwenye mabadiliko ya tabianchi, sasa zamu ya AI.

#4 Afisa Tathmini
#3 posho ipo lakini haielezi yote. Ngoja niweke kisa cha asasi moja nisiyoitaja, mkoa nao naacha.

Ijumaa jioni, ripoti ya robo mwaka inadaiwa. Kijana wa takwimu anafungua Excel ya wanufaika, jina, kijiji, namba ya simu, umri, na safu ya mwisho kabisa namba ya CTC. Anachagua yote, anabandika ChatGPT, anaandika "nifupishie hii kwa aya tatu za ripoti". Inatoka ripoti safi, bosi anasifia kwenye grupu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile orodha imeenda wapi. Na kwa wasiojua, ukiwa na namba ya CTC maana yake unatumia dawa za VVU, basi, haihitaji maelezo. Vijiji vizima vya watu vimepandishwa kwenye seva za watu wengine kwa sababu ya haraka ya Ijumaa.

Yule kijana hakuwa mbaya, ni mchapakazi tena anawapenda wale watu. Kufuta safu za jina, simu na CTC kabla ya kubandika ni kazi ya sekunde chache, na ripoti ingetoka vilevile maana ripoti haihitaji jina la mtu. Sasa hiki ndicho ningefundisha saa ya kwanza ya siku ya kwanza, kabla mtu hajanionyesha slaidi za roboti. Kwahiyo #1 mi naona aliyeachwa sio wa kijijini peke yake, na wa mezani kaachwa.

#5 Mdau wa Dodoma
Afisa Tathmini aisee umenitisha. Na tatizo sheria yenyewe Tanzania tumeipata 2023 juzi tu, asasi nyingi hazijaisoma.

#6 Wakili wa Uswazi
#5 rekebisho dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ila imeanza kutumika 1 Mei 2023, ndo maana watu wanachanganya. Na kwa kisa cha #4 hata semina haihitajiki kujua kama ni kosa: taarifa za afya ni taarifa nyeti, na kutoa taarifa za mtu nje ya nchi kuna masharti yake. Kenya wana yao ya 2019, Uganda nao 2019. Ya Kenya kifungu cha 35 kinasema wazi mtu asifanyiwe uamuzi mzito na mashine peke yake, na ya kwetu nayo ina haki hiyo kuhusu maamuzi ya mashine. Kwahiyo yule mjane wa #1 ana haki ya kuomba binadamu aangalie upya. Nani amemwambia? Hapo nakubaliana na mleta mada mia kwa mia.

#7 Kobe wa Mwanga
Nitapinga kidogo msinipige mawe. Mnaongea kana kwamba kabla ya kompyuta orodha zilikuwa za haki. Mi nimekaa kwenye mikutano ya vijiji ya kuchagua kaya maskini, najua mwenyekiti anavyoingiza shemeji yake. TASAF wenyewe, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanachanganya, jamii inapendekeza kisha dodoso la hali ya kaya linachuja, kwasababu kila upande una mapungufu. Mashine haina shemeji.

Na ushahidi upo. Togo mwaka 2020 wakati wa korona, mpango wa Novissi ulitumia picha za setilaiti na rekodi za matumizi ya simu kuwapata maskini zaidi wakishirikiana na shirika la GiveDirectly, watu wakapata hela kwenye simu bila kupanga foleni. Utafiti wake ulitoka kwenye jarida la Nature 2022, makosa ya kuwaacha watu yalipungua kwa asilimia 4 mpaka 21. Kwahiyo semina isiwe ya kutishana tu.

#8 Afisa Tathmini
Kobe hiyo namba ni ya kweli lakini umeileta nusu. Hiyo 4 mpaka 21 ni ukilinganisha na kugawa kwa kufuata maeneo, ambayo ndo njia serikali ya Togo iliyokuwa nayo mkononi. Utafiti huohuo ulisema kama nchi ingekuwa na daftari kamili la kaya, ile mashine ingeacha watu wengi zaidi, asilimia 9 mpaka 35. Yaani ni bora kuliko kukosa kabisa, sio bora kuliko kuwajua watu wako. Na asiye na simu? Rekodi za simu hazimuoni. Nani kwenye kaya zetu hana simu yake? Bibi, mke, mtoto wa kike, mlemavu anayefichwa ndani.

#9 Kobe wa Mwanga
Napokea. Ila dharura haisubiri daftari kamili.

#10 Garissa Kwetu
Salamu kutoka upande wa Kenya. Huku kwetu hii kitu ilianza kabla hata watu hawajasikia neno AI, na ndio naona semina zinaikosa. Wakati wa ukame familia nyingi za Wakenya ziliingia kambi za wakimbizi za Dadaab kutafuta chakula, watoto wakapigwa alama za vidole wakaandikwa wakimbizi. Yule mtoto amekua, ana miaka 18, anaenda kuomba kitambulisho, kidole kinawekwa kwa mashine, mashine inasema wewe ni mkimbizi. Imeisha hiyo. Hana ID, hana laini ya simu kwa jina lake, hana akaunti, kazi hapati. Tunazungumzia maelfu ya watu na wengine wamezeeka wakisubiri. Mama yake yuko pale, chifu anamjua, babu yake kazikwa hapa, lakini kidole kimesema.

Sasa waliochukua zile alama hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanagawa chakula. Swali ambalo halikuulizwa siku ile ni moja, mtu akitaka kutoka kwa hii orodha anatokaje? Mimi nikialikwa kufundisha siku mbili ntatumia siku nzima kwa hilo swali. Kila mfumo mnaoleta, nionyesheni mlango wa kutoka uko wapi, unafunguliwa na nani, inachukua siku ngapi, na mtu asiyejua kusoma ataufikiaje.

Mambo ya kortini pia yamesaidia. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kutoa kadi za Huduma Namba, ule mfumo wa vitambulisho vya kidijitali, kulikuwa kinyume cha sheria kwasababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Asasi ya Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai ndio walienda kortini. Kwahiyo asasi zetu hazistahili kuwa watumiaji wa zana tu, zina kazi ya kuuliza.

#11 Mzee wa Bando
Kidole kimesema. Aisee.

#12 Fimbo Nyeupe
Naomba nichangie kama mtu nisiyeona. Nilialikwa kwenye semina ya ujumuishi na AI, shirika silitaji. Kwanza fomu ya kujiandikisha ilitaka nichague picha zenye taa za barabarani kuthibitisha mimi si roboti. Nikamwomba jirani anisaidie. Nikafika ukumbini, slaidi zikatumwa kwenye grupu la WhatsApp nizisikilize kwa kisoma skrini, nasikia "picha, picha, picha" mpaka mwisho, maana kila slaidi ilikuwa imepigwa picha badala ya kuandikwa. Mwenzangu kiziwi alikaa pembeni yangu, mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo, tukaambiwa bajeti haikutenga. Alikaa asubuhi yote anaangalia midomo ya mtu aliyekuwa anatembea tembea jukwaani.

Lakini nisieleweke vibaya. Hii teknolojia imenipa uhuru ambao sikuwa nao. Sa hivi naelekeza kamera ya simu kwenye barua inanisomea, naelekeza kwenye noti, naelekeza kwenye sufuria inaniambia maji yamechemka au bado. Ndio maana nachukia mafunzo ya kutuhurumia tu na nachukia ya kutisha tu. Mnaponiita niiteni kufundisha, tena kwa malipo kama mtoa mada mwingine, sio nije kufungua kwa sala na kupiga picha ya pamoja.

#13 Binti Pwani
#12 nimekusoma mara mbili. Shukran sana.

Mimi niongezee la sauti. Tulikuwa na mahojiano mengi ya akinamama na wazee Pemba, kuhusu uvuvi na mwani, mradi wa asasi moja. Ikaletwa programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ili tuokoe muda. Vijana wa mjini iliwaandika vizuri tu, Kiswahili cha shule kile. Bibi wa Micheweni akiongea kwa kasi yake na lafudhi yake, jino moja halipo na mawimbi nyuma, ukurasa unarudi mweupe au maneno matatu matatu yasiyo na kichwa wala miguu. Sasa sikilizeni kilichofuata maana hapa ndo pabaya. Aliyekuwa anachambua hakupata maandishi, akadhani mahojiano hayakufanyika, akayaweka kwenye kapu la "hayajakamilika". Ripoti ikatoka na maoni ya vijana, wazee hawamo. Hakuna aliyekusudia kuwafuta.

Iligunduliwa kwasababu mmoja wa waliorekodi aliuliza bibi yangu mbona simuoni humu. Yeye hakualikwa kwenye semina yoyote, ila aliujua mkeka wa yule bibi, alikuwa amekaa juu yake wakati anarekodi.

#14 Fundi Simu Ilala
Hiyo ni data wadau, mashine inajua ilichosikia. Ndo maana ile kazi ya Common Voice ya Mozilla ya kuchangia sauti za Kiswahili ni muhimu, wapemba wachangie na sie wa Ilala tuchangie. Hata sura ni hivyohivyo, wale kina dada watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru 2018 walionyesha mashine haziwatambui weusi kabisa.

#15 Afisa Tathmini
Fundi, sio kabisa. Walipima mashine za kampuni zilizokuwa zinakisia jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika 34.7. Ndio maana namba za jumla zinadanganya, mashine inaweza kupata alama nzuri darasani huku inamfelisha mama yako. Kwenye mafunzo ukimfundisha mtu kitu kimoja tu cha takwimu, mfundishe kuuliza "kwa nani?".

#16 Fundi Simu Ilala
We mwalimu kweli, hata marks unatoa za kwako. Nimekusoma.

#17 Mswahili Rotterdam
Wakuu, niko Uholanzi, na huku wenye hela zote na wataalamu wote wamefanya haya haya. Ofisi ya kodi ilituhumu maelfu ya wazazi kuiba posho za malezi ya watoto, na kwenye kupima nani wa kushukiwa, kutokuwa raia wa Uholanzi ilikuwa moja ya alama. Watu wakadaiwa hela hawana, nyumba zikapotea, ndoa zikavunjika. Serikali ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Rutte, ikajiuzulu 2020 kwa ajili hiyo. Na hapa hapa Rotterdam jiji lilikuwa na mashine ya kuwapangia alama watu wanaopokea msaada, ilikuwa na vigezo 315, kujua Kidachi kimo. Waliisimamisha 2021.

Mnachosema kuhusu nani afundishwe, sheria ya AI ya Ulaya kifungu cha 4, kilichoanza kutumika 2 Februari 2025, kinataka anayetumia mifumo hii ahakikishe uelewa wa wafanyakazi wake NA watu wengine wanaoiendesha kwa niaba yake. Yaani hata kibarua wa kujaza fomu. Wafadhili wengi wenu wanatoka huku, waulizeni hilo.

#18 Wakili wa Uswazi
#17 ni Januari 2021, tarehe 15, ndo Rutte alijiuzulu. Mengine sawa na asante kwa kifungu cha 4, hiyo hoja itawabana wafadhili kwenye mazungumzo ya bajeti.

#19 Mwanaharakati Mstaafu
Mnazunguka. Sababu ni posho.

#20 Neema wa Singida
Mstaafu mi nimekuwa mwandikishaji, nikwambie sababu usiyoiona ofisini. Sisi ni vibarua wa wiki mbili. Tunaitwa, tunapewa maelekezo asubuhi moja jinsi ya kubonyeza tableti, jioni tunasambazwa, tukimaliza tunarudisha tableti na fulana tunabaki nayo. Shirika litamfundishaje haki na wajibu mtu ambaye mwezi ujao hayupo kwenye orodha ya mishahara? Na nikisema mfumo umekosea, nalipwa kwa kaya, kila kaya niliyosimama kubishana nayo ni hela yangu imepungua. Badilisheni malipo kwanza ndio mniite semina.

Mfano, tableti haikubali kuendelea mpaka ujaze "mkuu wa kaya" mmoja. Nimefika nyumba ina bibi na wajukuu wanne, mkubwa wa kiume ana miaka 15. Bibi anasema mkuu wa kaya ni mjukuu kwasababu ndiye mwanaume. Nikiandika mtoto mfumo unakataa umri. Nikiandika bibi, kanikatalia yeye mwenyewe, anaona namvunjia heshima mjukuu mbele ya majirani. Nilikaa pale mpaka jua likageuka. Hicho hakimo kwenye makabrasha yoyote niliyopewa.

#21 Kijukuu wa Kasulu
Neema huu ndio mchango niliokuwa nausubiri. Hili la kulipwa kwa kaya sikulifikiria kabisa, linageuza hoja yote.

#22 Dada Goma
Salamu bandugu. Huku muntu akikimbia vita anatoa jina, kidole, picha, kabla hajapata hata maji. Hakuna mwenye nguvu ya kusema hapana. Januari 2022 wadukuzi waliingia kwenye data za Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, watu zaidi ya 515,000, wengi ni waliopoteana na familia zao. Na warohingya, wale waliokimbia Myanmar, shirika la Human Rights Watch walisema 2021 kwamba taarifa zao zilizochukuliwa Bangladesh zilifikishwa Myanmar kwa serikali ileile waliyoikimbia. Kwahiyo mimi kwa mafunzo ningeanza na kitu moja, msichukue musichohitaji. Data musiyo nayo haiibiwi.

#23 Kobe wa Mwanga
Dada Goma sawa, lakini bila kidole mtu mmoja anajiandikisha mara tatu na mwingine anakosa unga. Nimeona foleni hizo.

#24 Dada Goma
Nimeziona pia ndugu yangu, nimesimama ndani yake.

#25 Mzee wa Bando
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hivi na nyie mmeona maandiko ya miradi siku hizi yote yanafanana? Yote yana "mbinu shirikishi na endelevu zinazozingatia muktadha". Mfadhili anasoma asasi kumi anaona kama ni moja.

#26 Binti Pwani
Sio nje ya mada Mzee. Kikundi kidogo cha akinamama wa mwani kilikuwa kinaandika kwa maneno yao, sasa kinaandikiwa na mashine na kile kilichowafanya wawe wao kimepotea. Ila pia zamani walikuwa hawapati hela kabisa kwasababu Kiingereza chao hakikunyooka, sasa wanapata. Sijui nisimame wapi.

#27 Mdau wa Dodoma
Mi nasema shida ni lugha. Mafunzo yote Kiingereza, mpaka mifano ni ya Marekani. Mtu wa kata anatikisa kichwa tu.

#28 Fimbo Nyeupe
Lugha na mimi naunga, ila ukiniletea kwa Kiswahili safi kwenye slaidi za picha, bado sijapata kitu.

#29 Wakili wa Uswazi
Na hata ukifundisha wote, kuna mkataba. Asasi inanunua mfumo kwa kampuni, haina ruhusa ya kuona jinsi unavyoamua, haina kifungu cha kusimamisha. Mwandikishaji ataripoti kosa kwa nani? Nimesoma mikataba ya hivi, kurasa nyingi kuhusu malipo, mistari miwili kuhusu makosa. Anayepaswa kuingia darasani kwanza ni mtu wa manunuzi.

#30 Garissa Kwetu
Niliwahi kuona mafunzo yalifanywa vizuri, niwaelezee. Hapakuwa hoteli, ilikuwa ukumbi wa kata. Kila asasi iliambiwa ije na fomu yake halisi. Asubuhi watu wakapewa kalamu nyekundu, kila swali kwa fomu uandike pembeni litatumika kufanya nini, ukikosa jibu unalikata. Fomu moja ya kurasa sita ilibaki mbili. Mchana wakaingia akinamama ambao ni wanufaika, wamelipwa kama wakufunzi, wakakaa na wale maofisa wakasomewa swali moja moja, na wao wakasema hili tukiulizwa tunadanganya, hili linatuletea fujo na mume. Mama mmoja akaambia ofisa, ukiniuliza nina mbuzi wangapi mbele ya jirani nitakuambia hakuna. Ofisa alikuwa na hayo majibu ya mbuzi kwa kompyuta ya miaka mitatu.

#31 Afisa Tathmini
Miaka mitatu ya mbuzi hewa, na hizo ndo data tunalisha mashine.

#32 Mwanaharakati Mstaafu
Haya la kalamu nyekundu nimelipenda. Walilipwa posho?

#33 Garissa Kwetu
Nauli na chakula, wote sawa, ofisa na mama. Maofisa wengine walinung'unika siku ya kwanza.

#34 Mwanaharakati Mstaafu
Si nilisema.

#35 Neema wa Singida
Garissa Kwetu, waandikishaji vibarua walikuwepo siku hiyo? Na walilipwa siku ambayo hawakujaza kaya hata moja?

#36 Garissa Kwetu
Walikuwepo wachache kwa hiari yao. Kulipwa kwa hiyo siku, hapana, hawakulipwa.

#37 Neema wa Singida
Basi bado.

#38 Kijukuu wa Kasulu
Wakili, mtu akitaka kuweka kwenye mkataba kifungu cha kusimamisha mfumo, na kingine cha kumlipa mwandikishaji anaporipoti kosa, anaviandikaje? Wiki ijayo tuna kikao cha bajeti na nataka niende navyo.

#39 Wakili wa Uswazi
Cha kwanza nakuandikia leo usiku, nitakiweka hapahapa watu wakikosoe. Cha pili aandike Neema, mimi nitakiwekea namba za vifungu tu.